Nati Iliyoliwa Meno: Kisa cha Ndege ya Alaska Airlines 261

Skrubu ilipopandishwa kutoka sakafu ya bahari, ilikuwa imeviringishiwa vipande vyembamba vya madini, mithili ya waya uliochakaa. Hayakuwa mabaki ya kitu kingine. Yalikuwa meno ya nati yake yenyewe. Nati ile ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na alumini, na wachunguzi walipopima walikuta meno yake yalikwisha kuliwa kwa takriban asilimia 90 kabla kilichobaki hakijakatika. Wakatafuta grisi kwenye sehemu ya skrubu ambayo nati hupita ikipanda na kushuka. Hawakuikuta. Tundu la kuingizia grisi kwenye nati lilikuwa limeziba kwa grisi kuukuu iliyokauka.

Ndege yenyewe ilikuwa MD-83 ya Alaska Airlines. Tarehe 31 Januari 2000 ilitoka Puerto Vallarta, Meksiko, ikielekea San Francisco kisha Seattle, ikaanguka katika Bahari ya Pasifiki karibu na kisiwa cha Anacapa, pwani ya California. Watu wote 88 waliokuwamo walikufa: abiria 83, marubani wawili na wahudumu watatu.

Wanaojadili gharama na usalama katika biashara ya ndege mara nyingi hukimbilia visa vipya zaidi, vyenye kompyuta na barua pepe za aibu. Mimi narudi kwenye hiki cha zamani kwa sababu hakina kompyuta. Kina skrubu, nati, kopo la grisi na kalenda, na kila hatua iliyoipeleka ndege ile baharini iliandikwa kwa tarakimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzifuata. Tena, ukizifuata hizo tarakimu hukutani na bosi aliyesema abiria wafe ili faida ipatikane. Unakutana na jambo linalonisumbua zaidi: kuhusu skrubu hii, karibu hakuna aliyeamua chochote.

Kwanza, kazi ya kifaa hiki. Juu ya mkia wa MD-83 kuna bawa dogo la mlalo. Likiinama au kuinuka kidogo kwa mbele, pua ya ndege hupanda au kushuka, na hivyo ndivyo ndege husawazishwa kadiri mwendo na uzito wake unavyobadilika. Kinacholisogeza bawa hilo ni skrubu moja ndefu inayozungushwa na mota ndani ya nati moja. Hakuna skrubu ya pili. Nati ikishindwa kuishika skrubu, bawa la mkia halina kinacholizuia.

Dakika 16 hivi baada ya kuruka, ndege ikiwa bado inapanda na imepita futi 28,000, mfumo ule ulikwama. Marubani walipata shida ya kuvuta usukani kwa nguvu ili pua isishuke, wakajaribu swichi zote walizonazo, wakapitia orodha yao ya hatua za dharura. Orodha haikuwaambia watue upesi iwezekanavyo. Ndege ilikuwa nzito kwa mafuta ambayo haina njia ya kuyamwaga angani, na wao walijua kwamba mota imekwama. Hilo la meno kwisha hawakuwa na namna ya kuliona. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, baadaye ilisema uamuzi wao wa kutorudi Puerto Vallarta unaeleweka katika hali ile.

Wakaendelea kaskazini, wakizungumza kwa redio na waratibu wa safari na mafundi wa kampuni. Hapa kuna kipande kidogo ambacho wachambuzi wengi hukipita. Marubani walitaka kutua Los Angeles. Upande wa kampuni ukataja habari ya mtiririko wa ndege, yaani wakishuka Los Angeles kuondoka tena kungechelewa. Kinasa sauti kinaonyesha nahodha hakufurahi; alisema wazi kwamba hakutaka kusikia mtiririko wa ndege ukiwa ndiyo sababu, huku yeye akiwa na wasiwasi wa kuvipita viwanja vinavyofaa kutua. NTSB iliandika kuwa waratibu wanaonekana walijaribu kuwashawishi waendelee hadi San Francisco. Nahodha hakuyumba, alichagua Los Angeles. Kwa hiyo mvutano ule wa redio haukuiangusha ndege. Naunukuu kwa sababu ni mara moja tu katika kisa kizima ambapo gharama na usalama vilikaa meza moja na kujadiliana kwa sauti, na usalama ukashinda. Kwingine kote havikuwahi kukutana.

Saa kumi na dakika tisa jioni, wakiwa wanajaribu tena kuukwamua mfumo, mabaki ya meno yalikatika. Ndege ilichomoka kutoka futi 31,000 na ushee ikashuka hadi karibu futi 24,000 kwa sekunde zipatazo 80. Wakaidhibiti kwa kuvuta usukani kwa nguvu zao zote. Kwa dakika kumi hivi ndege iliruka ikiwa imeshikiliwa na kizuizi cha chini cha skrubu, kitu ambacho hakikuundwa kubeba mzigo ule. Wakaomba wabaki juu ya bahari wakati wakijaribu kujua ndege inatii kiasi gani. Kizuizi kikakatika. Katika dakika ya mwisho na ushee ndege ilikuwa imepinduka, tumbo juu, na marubani wale walikuwa bado wanajaribu kuirusha hivyo hivyo.

Hayo ni ya alasiri moja. Yaliyobaki yalichukua miaka 15.

Ndege ya familia hii ilibuniwa na Douglas miaka ya 1960, ikiitwa DC-9, na pendekezo la awali lilikuwa skrubu ipakwe grisi kila baada ya saa 300 hadi 350 za kuruka. Mwaka 1985 Alaska Airlines ilikuwa ikipaka kila saa 700. Mwaka 1987 ikawa saa 1,000. Mwaka uliofuata ukaguzi wa ngazi ya B (ukaguzi wa ndege hupangwa kwa ngazi za A, B na C, kuanzia mdogo wa mara kwa mara hadi mkubwa) ulifutwa na kazi zake zikagawanywa kwenye ngazi nyingine. Grisi ikahamishiwa kwenye kila ukaguzi wa nane wa ngazi ya A, muda ukabaki ule ule wa saa 1,000. Mwaka 1991 ukaguzi wa A ukasogezwa kutoka saa 125 hadi 150. Nane mara 150 ni 1,200. Mwaka 1994 A ikafika saa 200, na grisi ikafika 1,600. Halafu Julai 1996 kazi ya grisi ikatolewa kabisa kwenye ukaguzi wa A, ikapewa kadi yake yenyewe na muda wa miezi minane. Saa hazikutajwa tena. Kwa jinsi ndege zilivyokuwa zikitumika wakati huo, miezi minane ilikuwa takriban saa 2,550.

Soma tena mwaka 1991 na 1994. Hakuna mkutano ambao ajenda yake ilikuwa skrubu ya mkia. Ajenda ilikuwa ukaguzi wa A, ambao ni furushi la kazi nyingi: taa, matairi, vichungi, milango, na mamia ya mambo madogo. Furushi likisogezwa, kila kilichomo kinasogea nalo. Aliyeidhinisha ukaguzi wa A utoke saa 150 kwenda 200 alikuwa akiangalia furushi, na kwa furushi lile huenda alikuwa sahihi kabisa. Skrubu ilikuwa abiria ndani yake. Hii ndiyo maana ya kusema hakuna aliyeamua: ukimuuliza kila mtu aliyetia saini, kwa haki kabisa angekujibu kwamba hakuwahi kuongeza muda wa grisi ya skrubu, aliongeza muda wa kitu kingine.

Bandu bandu huisha gogo, lakini anayebandua gogo angalau anajua ana shoka mkononi.

Sasa upande wa pili. Mbali na grisi kulikuwa na kinga nyingine: kupima kiasi nati inavyocheza kwenye skrubu. Fundi huvuta na kusukuma bawa la mkia kwa kifaa maalumu, akasoma kipimo. Kadiri meno yanavyoliwa ndivyo mchezo unavyoongezeka. Kikomo kilikuwa inchi 0.040, kama milimita moja. Mwaka 1985 Alaska Airlines ilipima kila saa 5,000. Mwaka 1988 ikawa kila miezi 26, sawa na saa 6,400 hivi. Mwaka 1996 ikawa kila miezi 30, ambayo kwa matumizi ya wakati ule ilikaribia saa 9,550.

Kupaka grisi ni kuzuia meno yasiliwe. Kupima ni kugundua yakiliwa. Kinga ya pili ipo hasa kwa ajili ya siku ambayo ya kwanza itashindwa. Ukirefusha muda wa grisi unapaswa kufupisha muda wa kupima, au angalau kuuacha ulipo, mpaka ujue kinachotokea. Hapa zote mbili zilirefushwa, tena katika mwaka mmoja, 1996, kwa karatasi tofauti, na hakuna karatasi iliyoitazama nyingine. NTSB ilizitaja zote mbili kama mambo yaliyochangia ajali, na kila moja ikaambatanishwa na maneno yale yale: pamoja na idhini ya mamlaka ya anga, FAA.

Kuna mbinu nyingine iliyojificha kwenye tarakimu hizo, nayo ndiyo inayonifanya nione mkono wa biashara kwa uwazi zaidi kuliko mahali pengine popote. Ni kule kuhama kutoka saa kwenda miezi. Ndege ikiwa inaruka saa chache kwa siku, miezi minane ni muda mfupi. Ikirushwa saa nyingi, miezi ile ile minane inabeba msuguano mwingi zaidi. Na miaka ile ya 1990 kampuni ilikuwa na kila sababu ya kuzirusha ndege zake zaidi. Tangu Marekani ilipofungua soko la usafiri wa anga mwaka 1978, bei zilikuwa za ushindani. Southwest, kampuni ya nauli nafuu, iliinunua Morris Air na kuingia kaskazini-magharibi mwa Marekani, uwanja wa nyumbani wa Alaska Airlines. Jibu la kampuni yoyote katika hali hiyo linajulikana: punguza gharama, na ndege moja ifanye kazi ya ndege moja na nusu. Ndege iliyolala kwenye hanga inakula kodi na riba bila kuleta nauli. Basi shinikizo lilifanya kazi mara mbili. Lilirefusha muda kwenye karatasi, kisha likazijaza siku za karatasi ile kwa saa nyingi zaidi za kuruka. Madini hayahesabu miezi.

Ni kiasi gani basi kiliokolewa kwenye grisi yenyewe? Hesabu hii ni yangu, lakini inatokana na tarakimu zilizokwisha kutajwa. Saa 2,550 kwa miezi minane ni kama saa 3,800 kwa mwaka. Kwa muda wa zamani wa saa 700, skrubu ingepakwa grisi mara tano au sita kwa mwaka. Kwa muda mpya, mara moja na nusu. Boeing, iliyokuwa imerithi ndege hizi kwa kuinunua McDonnell Douglas mwaka 1997, ilikadiria kazi hiyo ikifanywa sawasawa huchukua saa nne. Kwa fundi mmoja, tofauti ni kama saa 16 za kazi kwa ndege moja kwa mwaka mzima. Kwa kundi zima la MD-80 za kampuni (MD-83 ni toleo mojawapo la MD-80), ndege 34, ni saa kama 540. Hiyo haifiki theluthi moja ya mwaka wa kazi wa fundi mmoja.

Nasema hivi si kwa kuzidisha chumvi. Nasema kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo kuhusu gharama na usalama huchukulia kwamba kuna mizani: upande huu pesa nyingi, upande ule hatari ndogo, na mwenye kampuni anapima. Hapa mizani haikuwapo. Kama mtu angeiweka skrubu peke yake mezani, aandike saa 16 upande mmoja na kifaa kisicho na mbadala upande wa pili, sidhani kama kuna mhasibu, hata awe mkali kiasi gani, ambaye angekataa kulipa. Akiba halisi haikuwa kwenye grisi. Ilikuwa kwenye furushi, kwenye siku za hanga, na grisi ilipotea humo bila kuandikiwa bei.

Tarehe za Septemba 1997 zinahitaji nafasi yao, kwa kuwa ndizo zilizopewa kurasa nyingi magazetini. Ndege hii hii ilikuwa kwenye ukaguzi mkubwa katika karakana ya kampuni huko Oakland. Fundi kiongozi wa zamu moja alisimamia kipimo cha mchezo wa nati, kikasoma inchi 0.040, kikomo chenyewe. Kikaandikwa kipimo, na kwamba nati ibadilishwe. Zamu nyingine ikaja. Agizo la kubadilisha likafutwa, ikaandikwa ipimwe upya. Ikapimwa, ikasoma 0.033, ikarudiwa mara tano ikitoa jibu lile lile, na ndege ikarudishwa kazini. Fundi yule baadaye alikwenda kwa FAA kueleza mambo aliyodai yanafanyika katika kumbukumbu za karakana, na mwishoni mwa 1998, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ajali, wapelelezi wa serikali ya Marekani walikuwa wameshaanza kupekua.

Ni simulizi inayoshika moyo, na ndiyo maana inapotosha kidogo. Tuchukue kwamba kipimo cha kwanza ndicho kilikuwa cha kweli. Kwa kadiri ya wabunifu, nati iliyopakwa grisi vizuri huliwa inchi 0.001 hivi kwa kila saa 1,000. Kutoka kipimo kile hadi ajali ndege iliruka karibu saa 9,000. Nati ya 0.040 ingefika 0.049. Imepita kikomo, lakini ingali na meno. Kilichotokea ni kwamba nati ile ililiwa kwa kasi ya takriban inchi 0.012 kwa kila saa 1,000, mara 12 ya iliyotarajiwa. Kasi hiyo haina uhusiano na ubishi wa zamu mbili. Kama nati mpya ingefungwa siku ile, huenda ingewafikisha abiria San Francisco miaka miwili na miezi minne baadaye, na bado isingekuwa na grisi.

Ubishi wa Oakland una thamani kwa sababu nyingine. Unaonyesha kikomo kinavyogeuka kuwa shabaha. Kipimo kilichofika ukingoni hakikusomwa kama habari, yaani mbona nati hii imefika hapa na imebakiza miezi 30 bila kupimwa tena? Kilisomwa kama mtihani: imefaulu au imefeli. Na 0.033 ilifaulu. Kati ya ufaulu ule na kipimo kinachofuata kulikuwa na saa 9,550 za kuruka, lakini fomu haikuwa na mahali pa kuandika wasiwasi. Isitoshe, vifaa vya kupimia vilivyotumika vilikuwa vimetengenezwa na kampuni yenyewe, tofauti na michoro ya mtengenezaji wa ndege.

Grisi ya mwisho, kwa mujibu wa kumbukumbu, ilipakwa San Francisco Septemba 1999. Fundi aliyetia saini aliwaambia wachunguzi kuwa kazi ile humchukua kama saa moja. Ikumbukwe zile saa nne. Kazi yenyewe ni ya juu ya mkia, unapenyeza mikono kwenye vijidirisha vidogo, unasukuma grisi kwenye tundu la nati mpaka uione ikitokea, kisha unapaka urefu wote wa skrubu na kuizungusha mwanzo hadi mwisho. Ni kazi ambayo ikifanywa nusu inafanana kabisa na iliyofanywa yote. Hakuna taa inayowaka, hakuna abiria anayelalamika. Sitaki kumtwika mzigo fundi mmoja. NTSB yenyewe iliweka sababu ya ajali kwenye upakaji grisi usiotosha wa kampuni, na ukiona tundu limezibwa na grisi iliyokauka unajua kwamba si mara moja tu iliyorukwa. Lakini hapa ndipo muda mrefu unapoonyesha makali yake. Kwenye saa 700, mara moja ikirukwa, skrubu inasubiri 1,400. Kwenye 2,550, mara moja ikirukwa, inasubiri zaidi ya 5,000. Muda mrefu hauongezi uwezekano wa fundi kukosea. Unaongeza bei ya kosa lake.

Kampuni ilikuwa na utetezi, na si utetezi wa kupuuzwa. Mwongozo wa mtengenezaji mwenyewe ulikwisha kusogea. Toleo lililokuwa likitumika katikati ya miaka ya 1990 liliweka kazi ya grisi kwenye ukaguzi wa C, ambao ni saa 3,600. Yaani hata ile 2,550 ilikuwa ya tahadhari kuliko kilichopendekezwa. Sasa 3,600 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mfumo wa kupanga matengenezo uliokusanya watengenezaji, mashirika na mamlaka, na wachunguzi hawakuona dalili kwamba ule msingi wa wabunifu wa miaka ya 1960, saa 300 hadi 350, ulizingatiwa. Waliojua kwa nini tarakimu ile iliwekwa walikuwa wameshastaafu, na tarakimu iliyobaki bila sababu yake huonekana kama woga wa wazee. Shirika likauelekeza mkono kwa mtengenezaji, mtengenezaji akaonyesha uzoefu wa mashirika, na FAA ikaidhinisha kwa kuwa wote wawili wamekubali.

Hoja iliyotumika kila mahali ilikuwa kwamba hakuna tatizo lililoripotiwa. Kwa kifaa kinachoharibika ghafla, hoja hiyo ina uzito. Kwa kifaa kinacholiwa taratibu ni hoja mbovu, hasa ikiwa wakati huohuo unapunguza mara unazokitazama. Usipopima huripoti.

FAA nayo ilikuwa na matatizo yake. Ofisi ya Seattle iliyosimamia Alaska Airlines ilikuwa na upungufu wa wakaguzi, na miezi michache kabla ya ajali ilikwisha kuandika kwamba hali ya watumishi imefika pabaya. Ukaguzi maalumu uliofanywa Aprili 2000, watu wakiwa wameshakufa, ulikuta kasoro ambazo zingeweza kuonekana mapema, ikiwamo nafasi ya mkurugenzi wa matengenezo kukaa muda mrefu bila mwenyewe.

Nimeacha ubunifu mwisho, ingawa kwa mhandisi ungekuwa wa kwanza. Skrubu ya DC-9 ina nyuzi mbili sambamba za meno. Hoja ya usalama ilikuwa kwamba uzi mmoja ukikatika, wa pili utabeba. Kwa ufa au kasoro ya chuma hoja hiyo inasimama. Ila nyuzi zote mbili zimo ndani ya nati ile ile, zinategemea grisi ile ile, zinaliwa siku zile zile kwa kasi ile ile. Mbadala anayezeeka pamoja na anayembadili si mbadala. Kwa miongo mitatu ndege hizi zilikuwa salama kwa sababu ya kopo la grisi, na karatasi za ubunifu zilisema ziko salama kwa sababu ya umbo la chuma. Wahasibu na wapanga ratiba walisoma karatasi. NTSB ilikitaja kutokuwapo kwa kinga ya aina hiyo kama jambo la mwisho lililochangia.

Ripoti ilitolewa Desemba 2002. Mmoja wa wajumbe wa bodi, John Goglia, ambaye mwenyewe alikuwa fundi wa ndege kabla ya kuteuliwa, aliiita ajali hii kwa jina lake: ajali ya matengenezo. Mwaka 2003 Alaska Airlines na Boeing zilikubali kuwajibika, na kesi za familia zikamalizwa kwa maelewano, karibu zote nje ya mahakama.

Kwa upande wa muda, FAA ilitoa amri mwaka huohuo wa 2000. Skrubu za ndege za familia hiyo zipakwe grisi na kukaguliwa kila saa 650, na mchezo wa nati upimwe kila saa 2,000. Mia sita na hamsini ni pungufu ya ile 700 ya mwaka 1985. Mashirika yalitii, ndege ziliendelea kuruka, wala sijaona popote ikidaiwa kwamba kuna kampuni iliyofilisika kwa ajili ya grisi.

Alaska Airlines iliistaafisha MD-80 yake ya mwisho Agosti 2008 na kubaki na Boeing 737 peke yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa mafuta: ndege zile zilikuwa zinakunywa sana.